Pančevo, 1999: Pekka Haavisto na kazi ya kupima sumu ya vita

Mwezi Mei 1999, katika vita vya Kosovo, ndege za NATO zilikuwa bado zinaishambulia Yugoslavia, na tayari kulikuwa na ugomvi mwingine juu ya kile kilichokuwa kinamwagika mtoni na kupanda angani. Serikali ya Belgrade ilisema Balkani nzima inaangamizwa. NATO ilisema inapiga shabaha za kijeshi na viwanda vinavyolilisha jeshi la Rais Slobodan Milošević mafuta, na kwamba madhara mengine ni madogo. Romania na Bulgaria, ambazo mto Danube huzifikia baada ya kutoka Serbia, hazikujua zimwamini nani. Hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote ambacho upande wa pili ungekikubali.

Hapo ndipo Klaus Töpfer alipoingia. Mjerumani huyu alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, na wakati huohuo akikaimu uongozi wa Shirika la Makazi. Ofisi za mashirika yote mawili ziko Gigiri, Nairobi. Aliunda kikosi kazi cha pamoja kwa ajili ya Balkani, akampa uenyekiti Pekka Haavisto wa Ufini, mtu wa miaka 41 ambaye mwezi uliotangulia tu alikuwa amemaliza kipindi chake cha uwaziri wa mazingira na ushirikiano wa maendeleo.

Vijana wanaosoma mazingira au uhusiano wa kimataifa huuliza mara kwa mara mtaalamu wa usalama na mazingira hufanya nini hasa. Wanasikia mikutano, hotuba na ripoti. Mimi huwaelekeza kwenye kazi hii ya mwaka 1999, kwa sababu inaonyesha kiini cha fani yenyewe: kupeleka chupa za sampuli mahali ambapo kila upande una sababu ya kuyaogopa majibu, kisha kuyasema majibu hayo jinsi yalivyo, hata pale yasipomfurahisha yeyote.

Kwanza, kwa nini Haavisto? Hakuwa mwanakemia wala mwanajeshi. Alizaliwa Helsinki mwaka 1958, akaingia bungeni mwaka 1987 kwa tiketi ya chama cha Kijani, na alipoteuliwa waziri mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa wanasiasa wa kwanza wa vyama hivyo kushika wizara katika serikali ya kitaifa Ulaya Magharibi. Kwa hiyo aliijua lugha ya wanasayansi na aliijua pia lugha ya mawaziri. Lakini naamini uzito mkubwa ulikuwa kwenye pasipoti yake. Ufini ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya na nje ya NATO. Rais wake wa wakati huo, Martti Ahtisaari, ndiye aliyekwenda Belgrade mwanzoni mwa Juni 1999 pamoja na Viktor Chernomyrdin wa Urusi kumpelekea Milošević masharti ya kusitisha vita. Mtu kutoka nchi hiyo angeweza kufunguliwa mlango Belgrade na pia akapokelewa Brussels. Katika kazi hii elimu peke yake haimfikishi mtu getini.

Mabomu yalisimama Juni 10, baada ya siku 78. Julai timu ya viwanda ilikuwa Serbia, na maabara zake zikiwa ndani ya magari.

Pančevo ni mji wa viwanda kaskazini-mashariki mwa Belgrade, karibu na pale mto Tamiš unapoingia Danube. Viwanda vitatu vimepakana: cha kusafishia mafuta, cha kemikali za petroli na cha mbolea. Vyote vilipigwa zaidi ya mara moja, na usiku wa kuamkia Aprili 18 ndio uliotisha kuliko yote. Matangi ya vinili kloridi, malighafi ya plastiki ambayo inajulikana kusababisha saratani, yaliwaka moto. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuchukua hatua zao mapema. Waliachilia amonia iende kwenye mfereji wa maji taka, kwa hofu kwamba bomu likilipata tangi lililojaa, wingu lake lingeufunika mji. Amonia hiyo iliua samaki. Lakini nikifikiria tangi lile likipasuka juu ya makumi ya maelfu ya watu waliolala, siwezi kuwalaumu wale walioshika vali. Ningetamani majina yao yajulikane kuliko ya wanadiplomasia.

Hesabu iliyotoka baadaye ilikuwa hivi. Zaidi ya tani 2,000 za ethilini dikloridi, kemikali ya kutengenezea vinili kloridi, zilivuja, nyingine zikazama ardhini na nyingine zikaingia mferejini. Tani zipatazo 460 za vinili kloridi ziliungua. Tani 8 za zebaki zilimwagika, nyingi zikabaki kwenye udongo wa kiwanda na kiasi cha kilo 200 zikaishia mferejini. Katika kiwanda cha kusafishia mafuta, tani zipatazo 80,000 za mafuta na bidhaa zake ziliteketea. Mfereji wenyewe hauna hata kilomita mbili, na mwisho wake ni Danube.

Mtu akisoma namba hizo anaona kesi imekwisha: NATO ilipiga, sumu ikamwagika, basi. Timu ya Haavisto haikuishia hapo. Ilipochimba tope la mfereji, ilikuta pia uchafu ambao bomu lisingeweza kuuleta kwa wiki chache. Kulikuwa na mabaki ya mafuta na kemikali yaliyorundikana kwa miaka mingi, kwa sababu viwanda hivyo vilikuwa vikitupa taka zao humo tangu zamani, na vikwazo vya miaka ya 1990 vilikuwa vimezorotesha matengenezo. Ethilini dikloridi nayo ilikuwa na historia ndefu chini ya ardhi ya kiwanda. Swali likageuka. Kujua kama kuna sumu hakukutosha tena. Ilibidi ijulikane ipi ni ya vita na ipi ni ya amani.

Kutenganisha hayo mawili ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Unahitaji rekodi za kiwanda za kabla ya vita, na mwenye rekodi ni serikali yenye hamu ya kuonyesha kwamba kila tone ni la adui. Unahitaji kujua kina ambacho kemikali imefikia, kwa kuwa iliyozama chini sana ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya zamani. Unahitaji sampuli za juu ya mkondo, kabla mto haujafika kiwandani, ili usiubebeshe mji mmoja mzigo wa miji mingine. Na unahitaji wafanyakazi wa pale wakuambie ukweli huku wakuu wao wakisikiliza.

Pančevo haikuwa peke yake. Huko Kragujevac, kwenye kiwanda cha magari cha Zastava, transfoma zilipigwa na mafuta yake yenye PCB, kemikali ya sumu iliyotumika kwenye vifaa vya umeme, yakatapakaa sakafuni na kwenye mashimo ya maji, pamoja na sumu nyingine iitwayo dioksini, na wafanyakazi waliingia kusafisha. Huko Novi Sad, kiwanda cha kusafishia mafuta kimejengwa karibu na visima vya maji ya kunywa, na mafuta yalikuwa yamezama ardhini yakielekea huko. Huko Bor, mji wa machimbo ya shaba karibu na mpaka wa Bulgaria, kulikuwa na PCB kutoka vifaa vya umeme vilivyoharibiwa, juu ya moshi wa salfa ambao watu wa pale walikuwa wakiuvuta miaka nenda miaka rudi.

Ripoti ilitoka Oktoba 1999. Ilisema kwamba vita vya Kosovo havikuleta janga la kimazingira kwa Balkani nzima. Ilisema pia kwamba katika sehemu hizo nne uchafuzi ni mkubwa, ni hatari kwa afya za watu, na unahitaji kusafishwa mara moja. Na ilisema kwamba sehemu ya uchafuzi huo ilikuwapo kabla ya bomu la kwanza.

Belgrade haikulipata janga ililolitangaza. NATO haikupata cheti cha usafi. Kila upande ungeweza kukata sentensi moja na kuitangaza peke yake, na zilikatwa kweli. Ila hakuna aliyeweza kuitupa ripoti nzima, maana vipimo vilikuwa mezani na mbinu ilikuwa wazi. Ningekuwa mwalimu wa fani hii, aya hiyo moja ya majibu ningewafundisha wanafunzi kwa wiki nzima. Ilikuwa rahisi sana kuandika neno janga, likapata vichwa vya habari na pengine fedha nyingi zaidi. Lakini neno hilo likishatumika pasipostahili, siku ambayo janga la kweli litatokea, anayelitangaza hatasikilizwa.

Pendekezo lililofuata lilihitaji ujasiri wa aina nyingine. Milošević alikuwa bado madarakani, na nchi za Magharibi ziliapa kutotoa fedha za ujenzi mpya Serbia akiwa amekaa pale. Kusafisha mfereji wa kiwanda ni ujenzi mpya au si ujenzi mpya? Haavisto na wenzake walisema usafishaji wa sehemu hizo nne uhesabiwe kuwa msaada wa kibinadamu, kama dawa na mablanketi, kwa kuwa anayekunywa maji ya kisima cha Novi Sad hana cheo serikalini. Naiona kuwa hatua muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Kabla ya hapo mazingira yalikuwa suala la baadaye, la kushughulikiwa watu wakishapata nyumba na mkate. Hoja hii iliyaingiza kwenye orodha ya dharura.

Hoja ilikubaliwa, ila fedha zilikuja kwa kudondoka. Mwaka 2000 miradi 27 ya haraka ilipangwa, kwa makadirio ya dola milioni 20 hivi. Fedha zilizopatikana hazikufika huko, na si miradi yote iliyotekelezwa hadi UNEP ilipofunga programu hiyo mwaka 2004. Visima vya Novi Sad vilifanyiwa kazi, PCB ya Kragujevac ilikusanywa, lakini tope la mfereji wa Pančevo halikwisha.

Kisha kuna suala la uraniamu iliyopunguzwa nguvu, na hapa namkosoa zaidi aliyeficha kuliko aliyepima. Ni chuma kizito kuliko madini ya risasi, mabaki ya kutengeneza mafuta ya vinu vya nyuklia, kinachotumika kwenye ncha za risasi za kutoboa vifaru. Mwaka 1999 timu iliuliza kama ilitumika Kosovo, na wapi. Haikujibiwa kwa namna ya kuiwezesha kufanya kazi. Ikabidi ikisie mezani tu. Februari 2000 Katibu Mkuu wa NATO, Lord Robertson, alimwandikia Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kukiri kwamba risasi zipatazo 31,000 za aina hiyo zilifyatuliwa katika safari za ndege kama 100. Ramani zenye majira ya maeneo zilikuja katikati ya mwaka huo. Timu ikaingia uwanjani Novemba 2000, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya vita. Katika muda huo watoto walikuwa wamecheza, wakulima walikuwa wamelima, na wanajeshi wa kulinda amani walikuwa wamepiga kambi.

Walikagua maeneo 11 wakachukua sampuli 355, za udongo, maji, mimea na maziwa, wakazigawa kwa maabara za nchi tofauti ili hakuna aliyeweza kusema majibu yamepikwa jikoni kwa mtu mmoja. Ncha za risasi walizookota zilikuwa saba na nusu tu kati ya maelfu. Nyingine nyingi yaelekea zilikuwa zimezama ardhini. Hawakukuta uchafuzi ulioenea. Walikuta vidoa karibu kabisa na pale risasi zilipotua, na wakaonya kwamba ncha zilizozama zinaweza kuoza na kuingia kwenye maji ya ardhini miaka ijayo. Ndani ya chuma chenyewe walikuta uraniamu-236 na chembe za plutoni, ishara kwamba sehemu ya malighafi ilipitia kwenye kinu cha nyuklia. NATO haikuwa imelitangaza hilo kwa wakazi wa Kosovo.

Januari 2001, wakati sampuli zikiwa bado maabara, Italia, Ureno na Ubelgiji zilikumbwa na taharuki juu ya wanajeshi wao waliorudi kutoka Balkani na saratani ya damu. Waandishi walitaka jibu siku ileile. Ripoti ilitoka Machi, na ilisema kwamba kwa kiwango kilichokutwa hatari ni ndogo, na kwamba bado kuna mambo sayansi haijayajibu, hasa ya maji. Ilipendekeza maeneo yawekewe alama, maji yaendelee kupimwa, na wakazi waelezwe. Wako walioiona ripoti hiyo kuwa laini mno. Naona udhaifu haukuwa kwenye maneno yake. Ulikuwa kwenye tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo iliamuliwa na wenye ramani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa fani hii hawapendi kulisema kwa sauti. Vipimo hivi havikumpeleka mtu yeyote mahakamani. Juni 2000 kamati iliyomshauri mwendesha mashtaka wa Mahakama ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia kule The Hague ilipitia mashambulizi ya NATO, ikaitumia ripoti ya Haavisto, na ikahitimisha kwamba kiwango kilichowekwa na Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977 hakikufikiwa. Itifaki hiyo inataka madhara yawe yameenea, ya muda mrefu na makali, yote matatu kwa pamoja. Sentensi ileile ya uaminifu, kwamba hakuna janga la eneo zima, ikawa sehemu ya sababu za kutofungua uchunguzi. Je, ingefaa timu iandike vingine? Hapana. Lakini mwenye mfereji uliojaa zebaki ana haki ya kuona uchungu.

Kikosi cha Balkani kilizaa kitengo cha kudumu ndani ya UNEP cha kutathmini mazingira baada ya vita, na Haavisto akakiongoza hadi mwaka 2005. Walikwenda Afghanistan, ambako waliona kwamba kati ya 1977 na 2002 zaidi ya nusu ya misitu ya misonobari ya Nangarhar, Kunar na Nuristan ilikuwa imetoweka. Walishughulikia maeneo ya Wapalestina, Iraq na Liberia. Baadaye Haavisto akawa mjumbe maalumu wa Umoja wa Ulaya kwa Sudan wakati wa mazungumzo ya Abuja kuhusu Darfur. Makubaliano ya Mei 2006 yalisainiwa na kundi moja tu kubwa la waasi, lile la Minni Minnawi, nayo hayakushika. Huko mtu hahitaji mhadhara ili aone jinsi maji, malisho na bunduki vinavyofungamana.

Aligombea urais wa Ufini mara tatu, 2012, 2018 na 2024, akashindwa zote. Kuanzia 2019 hadi 2023 alikuwa waziri wa mambo ya nje, na Aprili 4, 2023, jijini Brussels, alikabidhi hati za Ufini kujiunga na NATO. Najua wengi watalishika hilo: aliyezipima risasi za NATO ndiye aliyeiingiza nchi yake NATO. Simwoni kuwa msaliti wa kazi yake. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, na Ufini ina mpaka na Urusi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Na kupima sumu ya jeshi hakumtaki mpimaji alichukie jeshi hilo. Ila pasipoti ile iliyofungua mlango wa Belgrade mwaka 1999 leo isingeufungua, na fani nzima inapaswa kujiuliza mpimaji wa vita vijavyo atatoka nchi gani.

Mbinu yenyewe imebaki. Mei 2016, Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kulinda mazingira kwenye maeneo ya vita, lililopelekwa na Ukraine. Bwawa la Kakhovka nchini Ukraine lilipobomoka Juni 2023, UNEP ilitoa tathmini ya awali Oktoba ya mwaka huohuo. Mwaka 2022 Tume ya Sheria ya Kimataifa ilikamilisha kanuni 27 za kulinda mazingira wakati wa vita. Wanasheria walioiongoza kazi hiyo kwa zamu walikuwa Marie Jacobsson wa Sweden na Marja Lehto wa Ufini. Kanuni hizo si mkataba.

Kwetu sisi wa Maziwa Makuu uzito wa haya yote uko kwenye hukumu moja. Februari 9, 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Katika zile milioni 325, milioni 60 zilikuwa za maliasili zilizoporwa. Dai la misitu iliyokatwa lilikataliwa, kwa kuwa Kongo haikuleta ushahidi wa kutosha wa kuyapima madhara. Ethilini dikloridi ya Pančevo ilipimwa wiki chache tu baada ya bomu la mwisho. Misitu ya Ituri na Kivu haikupata timu ya namna hiyo mapema, na tathmini kubwa ya UNEP kuhusu Kongo ilitoka mwaka 2011, miaka minane baada ya majeshi ya Uganda kuondoka. Sasa mapigano yamerudi Kivu, Goma ilitekwa Januari 2025, na Hifadhi ya Virunga iko katikati yake. Wanasayansi wapo Bukavu, Kampala, Kigali na Nairobi kwenyewe, ambako ziko ofisi za UNEP. Wanachohitaji ni sahihi za kuwaruhusu kuingia na sampuli, kabla mvua haijaosha ushahidi na kabla wanasheria hawajaanza kuuliza namba.